Usiruke Kidonge Ili Unywe Pombe

Hotuba hii ilitolewa Malindi, mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, vijana wa boda na jamaa za watu wanaotumia dawa za unyogovu. Tunaiweka yote hapa kwa wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Assalamu alaikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Na nyinyi vijana mlioegesha pikipiki mpaka mlango hauonekani, hamjambo?

Nina maswali matatu, na msiinue mikono. Jibuni moyoni tu. La kwanza: nyumbani kwako kuna mtu anayemeza dawa ya mawazo, ya unyogovu, ya kukosa usingizi? La pili: mtu huyo hunywa? Mnazi, bia, chang'aa, chochote. La tatu ndilo lililotukutanisha leo: siku anayokunywa, kile kidonge hukifanya nini?

Kliniki, jibu linalosikika sana ni hili: "Siku ya kunywa pombe, kidonge nakiacha, daktari. Mimi sichanganyi." Na husemwa kwa kujiamini, kama maneno ya mtu mwenye hadhari. Jamaa zangu, hiyo si hadhari. Usiruke kidonge ili unywe. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Kwanza tujue ni dawa zipi. Katika zahanati na hospitali za serikali, mbili ndizo zinazopatikana zaidi. Moja ni amitriptilini, kidonge kidogo cha miligramu 25, humezwa usiku kwa sababu huleta usingizi. Ya pili ni fluoksetini, kapsuli ya miligramu 20, humezwa asubuhi kwa sababu huweza kumkesha mtu. Kwenye maduka ya dawa mtakuta setralini ya miligramu 50, esitalopramu ya 10, na mitazapini, ambayo nayo ni ya usiku.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Wapo wengi wanaotumia amitriptilini na hawajui ni dawa ya unyogovu. Mama ana kisukari, nyayo zinamwaka moto usiku, akapewa amitriptilini. Mwingine ana kipandauso, akapewa hiyo hiyo. Mzee wa mgongo, hiyo hiyo. Ukimuuliza atakwambia, "Mimi sina mawazo, mwanangu, hizi zangu ni za neva." Sawa. Lakini kidonge kikikutana na pombe tumboni hakiulizi kiliandikwa kwa ajili ya nyayo au kwa ajili ya moyo. Hadhari ni ile ile.

Turudi kwa yule anayeruka. Chukueni mfano wa fundi wa Muyeye. Si mtu mmoja huyu, ni wengi walioshonwa kuwa mmoja. Anatumia fluoksetini. Jumatatu hadi Alhamisi anameza. Ijumaa analipwa, anaiacha kapsuli. Jumamosi anaiacha, Jumapili kuna mazishi, anaiacha. Jumatatu anarudi. Anajiona ametenganisha pombe na dawa, kila moja na siku yake.

Je, ametenganisha? Hata kidogo. Fluoksetini hutoka mwilini polepole sana. Ini huigeuza kuwa kitu kingine ambacho nacho kinafanya kazi, na hicho huchukua kati ya siku 4 na 16 kupungua nusu tu. Nusu, si kuisha. Ukiiacha kabisa leo, mabaki yake yatakuwamo damuni kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo ile Ijumaa anayojidhania mtupu, dawa imo. Bia imeikuta ndani. Setralini huenda haraka zaidi, nusu yake huondoka kwa siku moja hivi, lakini hata hiyo, kukiacha kidonge cha asubuhi hakukufanyi uwe safi jioni.

Basi hakupata faida. Na hasara? Hasara ipo, tena kubwa. Amekunywa dozi 4 kati ya 7. Dawa hizi hazifanyi kazi kama panado, umeze saa hii upoe saa ijayo. Zinahitaji kujengeka kila siku. Nafuu ya kwanza huonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na kamili huweza kuchukua wiki 6 hadi 8. Huyu anajenga siku nne, anabomoa siku tatu. Mwezi wa pili anarudi kliniki: "Daktari, dawa hii maji." Tabibu, ambaye hakuambiwa habari ya Ijumaa, anaangalia kadi, anaona wiki 8 zimepita bila nafuu, anapandisha dozi hadi miligramu 40. Na tabibu hakukosea! Amefanya lile ambalo kadi ilimwambia. Kosa liko katika kile ambacho kadi haikuambiwa.

Kwa dawa zinazotoka haraka kuna balaa jingine. Ukizikata ghafla mwili hulalamika: kizunguzungu, kichefuchefu, hasira za bure, ndoto za kutisha, na kitu kama umeme unaopiga kichwani ukigeuza macho. Jumapili jioni mtu anasema ni hangova. Mama yake anasema ni majini, anatafutiwa mganga. Ni kidonge kilichorukwa, basi.

Sasa najua kuna atakayeuliza: na kama nimeshalewa, usiku umefika, na kidonge changu ni amitriptilini, nimeze? Hapana. Hapo pombe imeshatangulia, na kuongeza dawa ya usingizi juu ya ulevi ni hatari kubwa kuliko kukosa dozi moja. Lala kwa ubavu, mtu awe karibu nawe. Usiku unaofuata meza dozi yako ya kawaida. Usimeze mbili kufidia. Halafu, na hili ndilo gumu, siku ya kliniki lisemwe. Kwa fluoksetini ni rahisi zaidi: asubuhi ikifika unameza kama kawaida. Tofauti ni hii: kukosa dozi moja kwa bahati mbaya ni jambo moja, na kupanga kuruka kila wiki ni jambo jingine.

Vijana wa boda, sasa ni zamu yenu. Tufanye hesabu.

Bia ya mililita 500 yenye ukali wa asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kileo. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna kitu kinacholiharakisha. Si kahawa, si supu, si kuoga maji baridi. Chupa tatu ni gramu 60. Ukiziinua kwa mfululizo na ukamaliza saa sita usiku, alfajiri saa kumi na moja kuna kileo bado ndani yako. Ile chupa ndogo ya mililita 250 ya pombe kali ya asilimia 40 ina karibu gramu 80. Hiyo peke yake ni bia nne. Mtu husema "nilikunywa kichupa kimoja tu."

Na mnazi? Mnazi hauna lebo, hapo ndipo mtihani ulipo. Mgema akiushusha asubuhi ni tembo tamu, kileo ni kidogo. Lakini kuchacha kunaanzia huko huko juu, ndani ya kibuyu, hakungoji uteremke. Kufika jioni ukali wake unakaribia wa bia, na mara nyingine unaupita. Kesho yake unaelekea kuwa siki. Kwa hiyo vikombe viwili vya asubuhi na vikombe viwili vya magharibi si kitu kimoja hata kama kibuyu ni kile kile. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Afadhali angetia maji tu! Siku hizi wapo wanaotia vitu vya kuukoleza, na hapo hesabu zangu zote hazina maana. Chang'aa sitaipigia hesabu kabisa.

Sasa weka amitriptilini juu ya hesabu hiyo. Pombe inapofika kwa wingi, ini hushughulika nayo, na dawa nyingi kuliko kawaida hupita hadi damuni bila kusagwa. Yaani kidonge ni kile kile cha 25, lakini mwilini kinakaa kama kikubwa zaidi. Na nguvu zake za usingizi hazimalizwi na usiku mmoja. Nusu yake huweza kukaa siku nzima. Kijana anakunywa mangweni, kule kilabuni kwa mnazi, hadi saa sita, anafika nyumbani, anakumbuka dawa aliyopaswa kuimeza saa mbili, anaimeza. Saa kumi na moja simu inalia, kuna abiria wa kupelekwa Gede kuwahi gari. Anaamka, anatia muguka, yale majani ya kufukuza usingizi, shavuni, anawasha pikipiki.

Muguka umefumbua macho yake. Haukuondoa hata gramu moja. Anajisikia mzima, anazungumza vizuri, lakini lori likisimama mbele yake ghafla, mkono unachelewa kufika breki. Kuchelewa kwa sekunde moja kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17. Pimeni mita 17 kutoka mlango huu, mtafika wapi?

Kwa wazee hatari haiko barabarani, iko chooni. Amitriptilini hushusha presha mtu anaposimama ghafla, na pombe hufanya hivyo hivyo. Mzee anaamka saa nane za usiku, anasimama kwa haraka, giza linamjia, nyonga inavunjika. Akae kitandani kwanza, ahesabu hadi thelathini, ndipo asimame. Na dawa hiyo inakausha mdomo, kwa hiyo kiu ya usiku itulizwe kwa maji. Wekeni jagi la maji karibu naye.

Mchanganyiko mwingine niupitie haraka. Fluoksetini, setralini na jamaa zao hufanya damu ichelewe kuganda. Ongeza diklofenaki au ibuprofeni ya duka kwa ajili ya mgongo, ongeza pombe inayochubua tumbo, na tumbo linaweza kuvuja damu. Choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Nenda siku hiyo hiyo. Tramado, ile dawa kali ya maumivu, na dawa hizi ni mambo ya kumwambia tabibu kabla, kwa sababu kwa pamoja zinaweza kuleta kifafa. Vidonge vya kutuliza kama bugizi na valiamu, pamoja na pombe, vinaweza kuzima pumzi usingizini. Wanaokunywa methadoni, dawa ya kuwatoa watu kwenye heroini, hapa Malindi wanalijua hili, au wanapaswa kulijua: pombe, methadoni na amitriptilini havilali kitanda kimoja.

Kuna uvumi ambao lazima niutendee haki. Watu husema tone la bia na dawa za unyogovu litakupasua mishipa ya kichwa. Habari hiyo ni ya kweli, ila ni ya dawa nyingine. Katika miaka ya 1950 dawa moja ya kifua kikuu, iproniazidi, ilionekana kuwachangamsha wagonjwa, na ikawa miongoni mwa dawa za kwanza za unyogovu. Watumiaji wa dawa za ukoo huo walikatazwa jibini iliyokaa na bia ya pipa, kwa sababu vina tiramini, kemikali ya vitu vilivyochacha, ambayo ilipandisha presha kwa kasi ya kutisha. Dawa hizo hapa kwetu ni nadra mno. Lakini linezolidi, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, ina tabia kidogo ya ukoo huo. Mwenye kuitumia asiguse bia ya kegi wala vinywaji vya kuchacha, na amwambie tabibu kama anameza fluoksetini.

Sasa nije kwenye pombe yenyewe, hata bila kidonge. Kuna mama, tuseme wa Maweni, hulala vibaya. Anachukua "kidogo cha kulalia". Je, hulala? Hulala, tena upesi. Lakini pombe ikianza kuisha mwilini, ubongo uliobanwa unaruka kama springi. Saa nane macho wazi, moyo unadunda, jasho, na mawazo yote ya mchana yamejipanga pembeni mwa kitanda. Kesho anaongeza kidogo. Mwili unazoea, anaongeza tena. Asubuhi huzuni ni nzito kuliko jana, na anadhani ugonjwa unazidi. Muulizeni anaamka saa ngapi usiku. Jibu likiwa saa nane au saa tisa kila siku, na kuna kikombe cha kulalia, mmeshapata pa kuanzia.

Ndugu zangu, niliyosema yasimfanye mtu atoke hapa akampokonye mgonjwa wake chupa leo usiku. Hili nalisema polepole. Mtu anayekunywa kila siku, anayeanza asubuhi ili mikono iache kutetemeka, asikate ghafla nyumbani.

Fikirini mvuvi wa Ngomeni. Miaka na miaka ya pombe kila siku. Familia imekaa kikao, imemshauri, ameapa. Usiku huo anaingia baharini mkavu. Saa 6 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho kutetemeka na jasho vinaanza. Kifafa huweza kuja ndani ya saa 48 za kwanza. Siku ya pili au ya tatu huweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu au watu ambao hawapo. Mambo hayo ndani ya mashua, mbali na pwani! Aliapa kwa nia njema, na nia njema ingemuua. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali kwanza, apunguziwe kwa dawa, apewe vitamini ya thaimini, awe chini ya uangalizi. Na asianzishiwe amitriptilini kienyeji, kwani nayo huongeza uwezekano wa kifafa. Mara nyingi tabibu atapenda kumwona akiwa amekaa wiki 2 hadi 4 bila pombe ndipo aamue, kwa sababu huzuni nyingine huondoka na chupa. Lakini kama alikuwa na unyogovu kabla ya kuanza kunywa, au anataja kufa, haingojwi.

Nimelitaja la kufa, basi tulizungumze. Pombe hulegeza ile breki inayomzuia mtu asitende alilolifikiria. Kwa mtu mwenye unyogovu usiku wa kulewa ni usiku wa kukaa naye. Dawa zake zikae kwa mtu mwingine, mama au dada, sehemu inayofungwa. Ombeni wapewe za wiki mbili badala ya za miezi miwili. Na mtu akimeza amitriptilini kupita kiasi, hata akisema "niko sawa, nimelala tu," mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu dawa hiyo hushambulia mapigo ya moyo na mgonjwa huweza kubadilika ndani ya saa chache. Chukueni na pakiti. Zamani familia zilificha kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Msifiche. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure. 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nayo ni ya bure, kwa habari ya ulevi.

Mtaniuliza: basi hata bia moja haifai? Nijibu bila kuzunguka. Wiki za mwanzo, au dozi ikibadilishwa, hapana kabisa, kwa dawa yoyote. Amitriptilini na mitazapini, ushauri wetu ni kuacha muda wote unapozitumia. Fluoksetini, setralini au esitalopramu, ukiwa umetulia miezi kadhaa, huendeshi, hukuwahi kuwa mlevi na tabibu wako amekubali, chupa moja pamoja na chakula si lazima ikuletee madhara. Moja. Ukijua kwamba moja yako huzaa sita, basi jibu lako ni hapana.

Na kliniki semeni idadi. Ukiulizwa "unakunywa?" usijibu "kidogo." Kidogo ni nini? Sema: vikombe vitatu vya mnazi, vya jioni, siku tano kwa wiki. Najua kuna anayeona haya, hasa sisi wa hapa, mtu ni Muislamu, aliyekaa mbele yake ni jirani. Omba mzungumze faragha. Tabibu hakuulizi kwa niaba ya imamu wala kasisi. Anatafuta dozi.

La mwisho ni la kadzama, ule mnazi wa wazee kwenye posa, kwa sababu wahudumu wawili wameniuliza kabla hatujaanza. Mtu yuko kwenye dawa, anakwenda kuposa, mnazi wa wazee umeletwa, akikataa ataonekana amedharau. Afanyeje? Asingoje kikombe kimfikie. Aende mapema kwa mshenga au kwa mjomba, amwambie "mimi niko kwenye dawa," basi, bila kutaja dawa ya nini. Kikombe kikija akipokee kwa mikono miwili, ampe aliye kando anywe kwa niaba yake. Wazee wamekwisha kukaa na waliookoka na Waislamu kwenye vikao hivyo hivyo, hawatashangaa. Na kidonge cha saa mbili usiku akibebe mfukoni, kwa sababu vikao vya mahari havijawahi kuisha saa mbili.

Naona mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mgema. Karibu, mzee wangu, mpeni kipaza sauti.